Hebaria, fensi za Laikipia, mteremko wa Magadi ama setilaiti: uchague gani kusoma mimea na hali ya hewa inayobadilika

Hii naandikia watu wa botania na mazingira walio mwaka wa nne ama masta, na walimu wa bayolojia pia, manake swali linalonifikia kila proposali zikianza kuandikwa ni lile lile: nataka kusoma vile mimea inabadilika na hii hali ya hewa, sasa niende hebaria, yaani ile maktaba ya mimea iliyokaushwa, niende Laikipia kwa zile ploti za utafiti zilizozungushiwa fensi, nipande mlima, ama nikae tu na laptopu nitumie picha za setilaiti? Wengi huchagua kwa kuangalia nauli na deadlaini. Naelewa, pesa ni pesa, lakini kuna kitu cha kuangalia kabla ya nauli nacho ni muda.

Watu wa hali ya hewa huchukua wastani wa miaka 30 ndio waseme mahali fulani pako hivi. Wewe una mwaka mmoja, pengine msimu mmoja wa mvua. Kati ya vuli ya 2020 na vuli ya 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, kwa hivyo mtu aliyepima nyasi Kajiado mwisho wa 2022 alikuta vumbi na mizoga, na mtu aliyepima pale pale Mei 2024 baada ya yale mafuriko alikuta kijani kila mahali. Wote wawili wamepima vizuri, wana data safi, na ukiweka tasnifu zao meza moja zinapingana. Ndio maana mimi humuuliza mtu kwanza, huu muda ambao huna, nani amekuwekea? Kila moja ya hizi njia ina mahali inatoa muda, na ndipo zinapotofautiana.

Naanza na hebaria kwa sababu iko hapa hapa Museum Hill na bado watu wanamaliza digrii ya botania Nairobi hawajawahi kuingia, na hilo linaniuma kweli. Hii East African Herbarium ilianzia Amani kule Usambara mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi karibu 1950, na sasa ina takriban vielelezo milioni moja vya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwa karatasi. Ile Flora ya Afrika Mashariki iliyoanza kuchapishwa 1952 ikaisha 2012, yenye spishi zaidi ya 12,000, imetegemea sana hayo makabati. Chiromo nako kuna hebaria ndogo ya chuo, inafaa sana kwa kujifunza kabla uende ile kubwa.

Chukua karatasi moja tu uitazame polepole. Tawi limebanwa, majani yamekuwa ya kahawia, maua yamepoteza rangi lakini yapo, pembeni kuna kabahasha kamebeba mbegu na vipande vilivyodondoka, na pale chini kuna lebo: jina la aliyekusanya na namba yake, tarehe, mahali, mwinuko, halafu sentensi moja ama mbili, ukingo wa msitu, udongo mwekundu, mti wa mita sita, maua meupe yananukia. Yaani mtu amekushuhudia kwamba siku hiyo, mahali hapo, mwinuko huo, huu mmea ulikuwa umetoa maua. Ukipata karatasi za kutosha za spishi moja unaweza kuuliza kama maua yanawahi siku hizi, kama mmea unapatikana juu zaidi kuliko zamani, hata kama jani lenyewe limebadilika. Mwaka 1987 mtafiti anaitwa Woodward alichapisha utafiti wa majani ya hebaria kule Uingereza, akaonyesha stomata, vile vitundu vya hewa vya jani, zimepungua karibu asilimia 40 kwa miaka 200 huku kaboni dayoksaidi ikiongezeka. Hiyo data ilikuwa imelala kwa kabati tu, ikingoja mtu wa kuja na darubini.

Ubaya wake uujue mapema. Wakusanyaji walifuata barabara, walifuata reli, walipenda mmea ukiwa na maua, na mtu hakuwa anaandika mahali alipoenda akakosa kitu. Kwa hivyo ukikosa karatasi ya mmea fulani kutoka Ngong usikimbie kusema haukuwa Ngong. Lebo zingine za zamani zimeandikwa "Nairobi" basi, na Nairobi ya wakati ule unajua ilikuwa nini na leo ni nini, mahali palipokuwa na kichaka sasa ni maghorofa, kwa hivyo mmea ukikosekana leo utaulaumu joto na kumbe ni simiti. Pia spishi nyingi zina karatasi chache sana, huwezi kufanya takwimu na karatasi nane. Chagua mmea uliokusanywa sana, wenye maua ya msimu mfupi unaoeleweka, halafu rudi mahali lebo inakuambia ukaangalie kwa macho, manake nusu ya raha na nusu ya ushahidi iko kwa hiyo safari ya kurudi. Na usikate jani lolote bila ruhusa ya wenyewe, hata kipande cha ukucha.

Laikipia ni kitu kingine kabisa. Pale Mpala, kituo cha utafiti, kuna jaribio linaitwa KLEE (Kenya Long-term Exclosure Experiment), lilianzishwa 1995 na Truman Young na wenzake, ploti 18 za hekta nne kila moja, zimezungushiwa fensi za aina tofauti tofauti ili nyingine ziingize ng'ombe peke yao, nyingine wanyama pori bila tembo na twiga, nyingine kila mtu, nyingine hakuna anayeingia. Udongo ni ule wa blakikotoni, mfinyanzi mweusi, na mti ni mmoja karibu kila mahali, ule mgunga mfupi wenye miiba iliyovimba kama vitufe vyeusi, upepo ukivuma unapiga mluzi. Ndani ya vile vitufe wanaishi sisimizi, mti unawapa nyumba na nekta, wao wanauma yeyote anayekuja kula majani, hadi tembo anaachana nao. Huhitaji kwenda mbali kuuona, hata Nairobi National Park upo, shika tawi moja taratibu ulitikise kidogo na utaona wanavyomiminika.

Sasa angalia kazi ya miaka. 2008 mtafiti Palmer na wenzake walichapisha kilichotokea kwa miti iliyokaa ndani ya fensi miaka 10 bila kuliwa. Ungedhani imestarehe. Kumbe mti ukiona haushambuliwi ulipunguza vitufe na nekta, wale sisimizi walinzi wakapungua nguvu, wakaja wengine wasiolinda, wadudu wanaotoboa shina wakazidi, na miti ikakua polepole na kufa zaidi kuliko ile inayoliwa na tembo kila siku. Mwanafunzi wa masta wa 1996 angepima miti ile ile asione chochote, na angeandika kwa nia njema kabisa kwamba fensi haina athari kwa mlinzi na mti wake. Halafu 2011 Wilfred Odadi na wenzake, hapo hapo, wakaonyesha pundamilia na wenzake wanashindania nyasi na ng'ombe wakati wa kiangazi lakini wakati wa mvua wanawasaidia ng'ombe kunenepa, kwa sababu wanaondoa nyasi kavu ngumu. Ukipima msimu mmoja tu unapata nusu ya jibu na unaenda kumshauri mfugaji kwa hiyo nusu.

Kuna na jaribio lingine la fensi linaitwa UHURU, pia Mpala, la tangu 2008, ploti 36 za hekta moja zilizopangwa kutoka upande mkavu hadi upande wenye mvua zaidi, na kwa mtu anayetaka kuuliza ukame na malisho vinafanya nini pamoja nadhani hii ndio tamu kuliko zote. Na kitu watu hawajui, data yake ya miaka 12 imechapishwa wazi, unaidownlodi bure ukiwa umekaa Rongai. Kwa hivyo usiseme Laikipia ni ya watu wa ufadhili. Kwenda kukaa pale ndio kunahitaji pesa na mwaliko na vibali, lakini data haihitaji mwaliko, na kama huna pesa ya fildi tumia pesa kidogo uliyo nayo kwenda siku chache tu kuona mahali namba zilitoka, manake kuchambua ploti ambayo hujawahi kuiona kunakufanya uamini vitu ambavyo mchungaji wa pale angekukatalia mara moja.

Udhaifu? Ni mahali pamoja, udongo wa aina yake, na wanyama walio pale hawako Kitui. Na swali lilishachaguliwa na mwingine, fensi ziliwekwa kuuliza kuhusu malisho, hali ya hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, kupitia miaka ya ukame na miaka ya mvua. Ukitaka kuuliza kitu ambacho zile fensi hazikujengwa kukiuliza utahangaika.

Mteremko sasa. Hapa hoja ni kwamba ukishuka unapata joto, karibu nusu digrii hadi digrii 0.6 kwa kila mita 100, kwa hivyo badala ya kungoja miaka 50 joto liongezeke unashuka tu. Mlima Kenya ndio kila mtu anautaja, mita 5,199, unaanza na msitu, unafika kwa mianzi, unapita vichaka vya mihedha, halafu juu kabisa zile lobelia na senesio kubwa zinazoganda usiku na kuchomwa na jua mchana, kila siku ya mwaka. Ni darasa ambalo huwezi kulisahau na ningekuwa na uwezo ningempeleka kila mtoto wa Kenya mara moja. Lakini kwa mtu wa Nairobi mwenye basi la siku moja ninapendekeza barabara ya Magadi. Unatoka Kiserian, unapita mabega ya Ngong, na ndani ya kama kilomita 100 umeteremka zaidi ya mita 1,200 hadi ziwani ambapo ni kama mita 600, yaani ukipiga hesabu ile ya joto umeongeza karibu digrii saba bila kupanda ndege. Juu unaona leleshwa na nyasi nyingi, ukishuka nyasi zinapungua, migunga inabadilika, zinaingia komifora zenye magome ya kubabuka kama karatasi, na chini udongo wenyewe unaonekana katikati ya kila mmea. Simamisha basi kila ukishuka mita 200, dakika 20, kwadrati tatu (zile fremu za mraba za kuhesabia mimea), endelea.

Kwa kufundisha hakuna inayoshinda hiyo. Kwa tasnifu naiogopa, na nitasema kwa nini, manake naona proposali nyingi zinaegemea hapa. Ukishuka Magadi haubadilishi joto peke yake. Mvua inapungua kwa sababu uko nyuma ya Ngong, udongo unabadilika, mbuzi wanaongezeka ama wanapungua kulingana na maji yako wapi, na watu wamechoma makaa kwingine na kwingine hapana. Halafu ule mmea wa chini umekuwa chini maelfu ya miaka, umezoea, wakati mmea wa juu utaletewa joto ndani ya miongo michache na hauna miguu. Kwa hivyo grafu nzuri ya spishi dhidi ya mwinuko inakuambia mimea iko wapi leo, kusema itakuwa wapi 2070 ni kuruka mto kwa macho. Ukiamua kwenda na mteremko basi beba vipima joto vidogo uviache kila kituo, pima udongo, hesabu kinyesi cha mifugo, na tafuta miteremko miwili, wa mvua na wa kivuli cha mvua, ili uweze kutenganisha japo kidogo.

Setilaiti ndio wengi wanakimbilia siku hizi, na mimi sina ubaya nayo. Landsat inapiga picha tangu 1972, MODIS tangu 2000, Sentinel-2 tangu 2015, zote bure, Google Earth Engine ni bure kwa utafiti na masomo, na RCMRD, kile kituo cha kikanda cha ramani na rasilimali, wako pale Kasarani wamefundisha watu wengi hii kazi. Unatumia NDVI, ambayo ni hesabu tu ya mwanga mwekundu ambao jani zima hula na ule wa infraredi ambao jani hurudisha. Imefanya kazi kubwa kweli, ile bima ya mifugo iliyoanzia Marsabit 2010 inalipa wafugaji kwa kuangalia kijani kutoka angani. Kwa kuonyesha ukame ulifika lini na umeenea hadi wapi, hakuna kwadrati itakayoifikia.

Lakini kijani si mmea. Mathenge ni kijani. Nenda Baringo uulize, ile Prosopis ililetwa miaka ya themanini kuzuia jangwa, leo imefunga malisho na njia za maji, wenyeji walifika mahakamani Nairobi na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake, na bado kutoka juu pale panang'aa kijani kizuri hata kiangazi. Mtu wa setilaiti peke yake ataandika uoto umeimarika. Vile vile mpungate wa Laikipia, vile vile vichaka vinavyokula mbuga polepole. Na uangalie ukubwa wa pikseli, ya MODIS ni mita 250 kwa 250, hekta sita na robo, ploti nzima ya KLEE inamezwa na pikseli moja na kubaki nafasi. Sentinel ni mita 10, hapo ploti hiyo unaipata kwa pikseli 400, ila muda wake ni mfupi na mvua ikinyesha mawingu yanakufunga macho wakati ule ule mimea inafanya mambo. Kwa hivyo setilaiti ichukue kama una mwenzako wa miguu, hata wiki mbili za kwenda kutaja majina ya kilicho kijani. Kama supavaiza anakuambia fildi haihitajiki, bishana naye kwa heshima.

Kuna na wale wanaotaka kupasha mimea joto wenyewe kwa vile vibanda vya plastiki visivyo na paa. Ni kazi nzuri, inatumika sana kule baridi kama Aktiki, lakini inahitaji ulinzi, na hapa kwetu plastiki nzuri haikai porini, kwa hivyo naipita.

Sasa, nani achukue nini. Mwaka wa nne mwenye muhula mmoja na pesa ya matatu: hebaria, bila kusita, spishi moja ama mbili, na kurudi mahali palipo kwenye lebo ndani ya Karura ama Ngong ama Kilimambogo. Utajifunza kutambua mimea, na hiyo elimu inapungua nchini wakati tunaihitaji sana, manake huwezi kusema spishi imehama kama huwezi kuitambua ikiwa haina maua. Masta mwenye mwaka na nusu na anayejua kutumia R kidogo, ile programu ya takwimu: data ya muda mrefu ya Mpala, na siku chache za fildi. Anayeenda kufanya kazi na kaunti ama mashirika ya ukame, setilaiti na miguu pamoja, hiyo ndiyo ataitwa kazini kuifanya. Mteremko uwe wa mhadhiri na basi lake la wanafunzi, na wa mtu wa PhD mwenye vifaa.

Mwalimu wa sekondari nimekuacha mwisho kwa sababu wewe una kitu ambacho hao wengine wote hawana, shule haiendi popote. Masta anaondoka, ufadhili unaisha, shule iko pale miaka 40. Ikolojia ya sekondari huwa tunaimaliza na kwadrati moja kwa uwanja wa mpira halafu basi. Badala yake chagueni miti 10 ndani ya kompaundi, mukinduri, jakaranda, mugumo, chochote mlicho nacho, muipe namba kwa kibati kilichofungwa kwa waya uliolegea usije ukakaba shina, na kila Jumatatu mtoto wa zamu anaandika vitu vinne tu: majani mapya, maua, matunda, majani yanadondoka, ndio ama hapana, na mvua ya wiki kutoka kwa kipima mvua. Stomata mnaweza kuziona na rangi ya kucha isiyo na rangi, unapaka chini ya jani, ikikauka unaibandua na selotepu, unaweka kwa darubini. Jakaranda za Nairobi huchanua kuanzia kama Septemba hivi hadi Novemba, wanafunzi wenyewe wataanza kubishana mwaka huu zimewahi ama zimechelewa, na ubishi wa aina hiyo ukiwa na rejista ya miaka mitano mbele yao ni sayansi tosha.

Rejista iwe kitabu cha jalada gumu, kalamu ya wino isiyotoka na maji, nakala ya picha kwa simu kila mwisho wa muhula, na mwisho wa mwaka darasa linalomaliza zamu likabidhi darasa linalofuata mbele ya paredi, na jina la aliyepokea liandikwe. Tarehe ikikosekana acheni nafasi wazi, msijaze kwa kukisia. Na wewe wa chuo unayetafuta mahali pa kuanzia, barua ya kuomba kuingia hebaria na kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi, anza kuvishughulikia leo kabla ya kitu kingine chochote, manake huwa vinachukua muda kuliko unavyodhani na mvua ya vuli haitakungoja.